Jembe la Siku ya Tatu

Watu wanaozunguka Ulaya na begi moja mgongoni wana kiburi chao, na hukitoa usiku, taa zikishazimwa, kwenye vyumba vya vitanda nane. Si kiburi cha pesa, ni kiburi cha kutozitumia. Ukisema basi la kutoka Lisbon hadi Seville lilikula euro 25, kuna sauti kutoka kitanda cha juu itakwambia lake lilikuwa 13. Ukisema kitanda chako ni cha euro 22, mwingine jana alilala bure kwa mtu aliyempata kwenye programu ya simu, na bado akapikiwa. Anayeshinda ni yule ambaye hakulipa chochote kabisa. Hapo chumba kizima kinanyamaza kwa heshima.

Nilikaa kwenye mashindano hayo siku 23, na sikuwa wa mwisho. Lisbon, Seville, Malaga, Almería, Barcelona, kisha meli hadi Civitavecchia, bandari ya Roma, nikiwa nimelala kwenye kiti. Halafu Naples, Bari, meli nyingine, Patras, Athens. Bajeti ilikuwa euro 40 kwa siku, kila kitu ndani: kitanda, nauli, mkate, jibini, nyanya na kahawa moja. Pesa yenyewe niliiweka kwa miaka miwili, nikihariri video za harusi za watu kila wikendi. Kwa hivyo msomaji asidhani naanza kuomba msamaha kwa kusafiri. Kijana wa Nairobi ana haki ya kwenda kuangalia bahari ya watu wengine, kama vile kijana wa Milan anavyokuja kuangalia yetu Watamu bila kuulizwa amefuata nini.

Kinachonisumbua ni hesabu. Kitanda cha euro 22 katikati ya mji ambao mwalimu hawezi kumudu chumba, bei hiyo imetoka wapi? Na nyanya je, zimefikaje dukani kwa bei ile? Mama mboga wa mtaani kwetu huwa anasema kitu kikiwa rahisi sana, ujue kuna mahali mtu amelia. Nilianza kujiuliza nani alikuwa analipa salio langu.

Tuna methali ambayo hata aliyekuwa analala darasani anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu huitumia kama fimbo, kumfukuza binamu aliyekuja mjini "kutafuta kazi" akamaliza mwezi kwenye kochi. Lakini isome polepole. Hakuna mahali inaposema mfungulie mlango aende zake. Inasema mpe jembe. Na jembe humpi mtu unayetaka aondoke. Unampa mtu ambaye umeshakubali kwamba atakuwepo wakati wa mavuno. Siku mbili za kwanza anakula jasho lako bila kuulizwa kitu. Siku ya tatu anaongeza jasho lake, na kuanzia hapo watoto wanaacha kumwita mgeni. Kwa hivyo methali ina ahadi mbili. Utalishwa kwanza, bila masharti. Halafu utapewa nafasi ya kuwa mtu wa boma.

Sasa mwangalie msafiri wa begi. Anakaa siku mbili kila mji. Mimi nilikaa mbili, mbili, mbili, tatu mara moja tu kwa sababu mvua ilinishika. Ratiba yenyewe imepangwa ili asubuhi ya jembe ikifika uwe tayari uko kwenye stendi ya basi. Ni maisha yaliyoundwa na siku mbili za kwanza peke yake, moja baada ya nyingine, mpaka pesa iishe au viza iishe. Mtu anaweza kuzunguka bara zima akiwa mgeni kila mahali na asishike jembe hata dakika moja. Swali langu ni kama deni hilo huwa linafutika ukivuka mpaka, ama kuna mtu huachiwa.

Lisbon nilipata jibu la kwanza, na halikutoka kwenye kitabu. Hosteli yetu ilikuwa inasafishwa na mama mmoja wa Cape Verde, mtu wa makamo, mwenye kucheka kwa mabega. Kireno changu kilikuwa maneno kumi na Kiingereza chake labda ishirini, lakini tulielewana. Alidhani nimeanza kazi pale. Nilipomwambia niko likizo, alirudia neno hilo mara mbili, kama mtu anayejaribu kiatu ambacho si saizi yake, kisha akacheka ile ya mabega. Zamani alikuwa akiishi Mouraria, mtaa wa vichochoro chini ya ngome, dakika kumi kwa miguu kutoka hapo. Kodi ikapanda, nyumba ikageuzwa ya wageni wa siku mbili tatu, naye akahamia ng'ambo ya mto Tagus. Sasa anavuka na feri kabla ya jua kutoka. Saa moja na nusu kuja, saa moja na nusu kurudi.

Saa tatu kila siku za maisha ya mtu. Hapo niliona kipande cha salio langu kimesimama mbele yangu kimeshika shuka. Na ndiye huyo huyo ambaye siku ya pili alinipa kachupa kwenye kopo la plastiki, mahindi na maharagwe na kipande cha nyama, chakula cha kwao, kwa sababu aliona nakula mkate mkavu siku mbili mfululizo. Mlo huo ungemfurahisha sana yule jamaa wa kitanda cha juu. Haukunigharimu hata senti.

Nikiwa Lisbon nilienda pia Belém kumwona Vasco da Gama. Amelala kwenye kanisa la watawa la Jerónimos, ndani ya jeneza la mawe, mikono imekutana kifuani kama mtu anayesali. Kuingia kanisani ni bure, na ndiyo maana nilienda, tusidanganyane. Nilisimama pale nikifikiria Malindi. Aprili 1498 huyu mtu alifika pwani yetu akiwa mgeni kamili: meli zimechoka, mabaharia wagonjwa, njia haijui. Mombasa hawakumwamini. Malindi walimpokea, wakampa chakula, na wakampa nahodha wa kumvusha hadi India. Siku mbili za kwanza alipewa zote, na zaidi. Mwaka wa 1505 Wareno walirudi na msafara wa Francisco de Almeida, wakaipora Kilwa na kuichoma Mombasa.

Nilipomsimulia rafiki yangu kwa simu haya mambo ya salio, alinijibu haraka: "Wewe kula tu. Hao walikuja kwetu bila viza. Wanakudai nini?" Ni hoja inayopendeza, na nimeisikia kwa watu wengi wa rika letu, hasa baada ya kulipia maombi ya viza. Euro 90, na ukikataliwa hazirudi. Taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima isiyopungua euro 30,000, tiketi ya kurudi, mahali pa kulala kila siku. Mwenye pasipoti ya Kenya ameshalima shamba zima kabla hajabisha hodi. Mreno anayekuja kwetu anajaza fomu kwenye intaneti akiwa kitandani, analipa, anapanda ndege. Kwa hivyo kama kuna anayedaiwa, si mimi.

Ila nikaifuata hoja hiyo hadi mwisho, na ikanifikisha kwa mtu ambaye siye. Deni la mwaka wa 1505 ni la kweli. Lakini mimi nilipolala kwa euro 22, aliyelipa hakuwa mjukuu wa Almeida. Alikuwa mama wa Cape Verde, visiwa ambavyo Wareno walivitawala hadi 1975. Huwezi kwenda kudai deni la Vasco da Gama ukalichukua kutoka kwa masaa matatu ya mama huyo. Bei nafuu haichagui inamkata nani. Inamkata aliye karibu na asiyeweza kukataa, na mara nyingi huyo ni mtu ambaye historia imeshamkata tayari.

Kutoka Malaga basi linafuata bahari kwenda mashariki. Ukikaribia Almería ardhi inageuka nyeupe, na unadhani ni chumvi au theluji. Ni plastiki. Mabanda ya kilimo, zaidi ya hekta 30,000, yamefunika bonde lote kutoka mlimani hadi ufukweni, mpaka yanaonekana kwenye picha za satelaiti. Ndani yake mna nyanya, pilipili hoho, matango, mboga ambazo sehemu kubwa ya Ulaya hula wakati wa baridi. Kando ya barabara niliona wanaume weusi wakiendesha baiskeli na fulana za kung'aa, mmoja baada ya mwingine. Wengi wanaofanya kazi humo wametoka Moroko, Senegali, Mali. Baadhi wanaishi kwenye vibanda walivyojenga kwa mabaki ya plastiki ile ile na mbao za kubebea mizigo.

Hapo methali yangu ilipinduka miguu juu. Hawa hawakupewa siku mbili. Walipewa jembe siku ya kwanza, na ile ahadi ya pili, ya kuwa watu wa boma, haikuja siku ya tatu wala mwaka wa tatu. Sheria ya Uhispania ina njia inayoitwa arraigo, yaani kuota mizizi. Mtu asiye na makaratasi anaweza kuomba kuhalalishwa akithibitisha kwamba ameishi nchini miaka kadhaa. Zamani ilikuwa mitatu, tangu 2025 ni miwili. Nimeipenda ile picha ya mizizi, lakini angalia inachomwomba mtu: aonyeshe kwa vithibitisho kwamba amekaa bila ruhusa kwa muda wa kutosha. Ajifiche vizuri, na pia aweke risiti.

Kwa hivyo kuna wageni wa aina mbili kwenye fukwe zile. Wapo wa siku mbili, ambao kamwe hawaguswi na jembe. Wapo wa jembe, ambao kamwe hawakupata zile siku mbili. Ukarimu umekatwa vipande viwili, kila kipande kikapewa kundi lake. Na mimi nilikuwa na makaratasi ya kundi la kwanza na sura ya kundi la pili, jambo ambalo lina vichekesho vyake. Kwenye kituo kimoja cha basi maafisa wawili walipita watu arobaini wakaja kwangu moja kwa moja. Mmoja aliigeuza ile stika ya viza kwenye mwanga, kama mtu aliyepewa noti ya elfu na mlevi.

"Mtalii?"

"Mtalii."

Akaangalia begi langu, akaangalia viatu vyangu, akanirudishia pasipoti bila neno jingine.

Barcelona nilikuta wenyeji wamechoka. Julai 2024 maelfu waliandamana dhidi ya utalii, na wengine wakawamwagia watalii maji kwa bastola za plastiki pale pale mezani walipokuwa wakila. Kabla ya hapo meya Jaume Collboni alikuwa ametangaza kwamba kufikia Novemba 2028 leseni za nyumba za kukodisha kwa watalii, kama 10,000 hivi, hazitaongezwa muda. Venice nao mwaka huo huo walianza kutoza euro 5 kwa anayeingia kwa siku moja bila kulala. Kwenye kisiwa chenyewe wamebaki wakazi wasiofika 50,000. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mwenyeji anasema mgeni amekuja na yeye ndiyo kwanza anaugua.

Ukutani niliona maandishi ya rangi yakiwaambia watalii warudi kwao. Nilicheka peke yangu barabarani. Mtu mweusi akiambiwa Ulaya arudi kwao, kwa kawaida maana yake inajulikana. Hii ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kunihusu kwa sababu ya pesa zangu na si ngozi yangu, na sijui kama hayo ni maendeleo.

Dawa inayopendekezwa na mameya wengi ni watalii wa hali ya juu, yaani wachache lakini matajiri. Hapo sikubaliani nao kabisa. Wanachukulia kwamba anayelipa zaidi anadaiwa kidogo. Mtu wa hoteli ya nyota tano anaoga maji mengi kuliko chumba chetu kizima cha vitanda nane, kwenye miji ambayo wakati wa ukame huwekewa mgao, na bado shuka zake zinakunjwa na mama mwingine wa feri. Anaacha pesa nyingi, ndiyo, lakini jembe halijawahi kuwa pesa. Kama lingekuwa pesa, methali ingesema siku ya tatu mpe bili.

Manteros ni vijana wanaouza viatu, mikoba na miwani wakiwa wametandaza shuka chini, karibu wote Waafrika. Shuka ina kamba kwenye pembe nne. Polisi wakitokea, unavuta kamba mara moja, duka lote linakuwa furushi, unakimbia. Mtu yeyote aliyewahi kuona hawka wa Nairobi akiwatoroka kanjo anaujua mchezo huo bila kufundishwa. Wa Barcelona walianzisha chama chao mwaka wa 2015, na baadaye wakawa na nembo yao ya nguo, Top Manta, ili angalau baadhi yao waache kukimbia.

Nilikaa karibu nao kwenye kivuli bandarini, begi langu limefunguka nikitafuta maji, na mtalii mmoja mzee akaja akanyooshea kidole jaketi langu lililokuwa limetokeza. Bei gani? Jamaa wa Senegali aliyekuwa pembeni yangu alicheka mpaka akakalia viatu vyake vya kuuza. "Ungemuuzia," aliniambia baadaye kwa Kiingereza cha kuokoteza. Jioni hiyo aliniita kwao kula. Chumba kimoja, wanaume watano, sinia moja la wali na samaki chini, kila mtu na upande wake. Hakuna aliyeuliza nimetoka wapi mpaka sinia lilipobaki mifupa. Walipojua, swali la kwanza lilikuwa kama namjua Eliud Kipchoge. La pili: kwa nini nimelipa pesa zote hizo kuja hapa halafu narudi?

Miaka saba alikuwa bado anasubiri makaratasi. Miaka saba ya jembe, na siku mbili za kwanza akanipa mimi.

Kuna mzee mmoja wa falsafa aliyekuwa na maoni kuhusu haya yote, ingawa yeye karibu hakutoka kabisa mji wake wa Königsberg na viunga vyake. Immanuel Kant, kwenye kijitabu chake cha 1795 kuhusu amani ya kudumu, anasema dunia ni mviringo na ina mwisho, hatuwezi kutawanyika milele bila kukutana, kwa hiyo kila mtu ana haki ya kufika kwa wengine bila kutendewa kama adui. Lakini haki hiyo ni ya kuzuru tu. Kukaa ni jambo la makubaliano. Na anakiri wazi kwamba mataifa ya Ulaya yalipokwenda "kuzuru" nchi za watu, kwao kuzuru na kuteka lilikuwa jambo moja. Nilipomsoma nilimfikiria yule aliyelala Belém na mikono kifuani.

Namheshimu Kant kwa hilo. Ila anaishia siku ya pili. Amemlinda mgeni asipigwe mlangoni, halafu anafunga kitabu, na kinachofuata anawaachia watu wakubaliane. Sasa mwenye kibanda cha plastiki akubaliane na nani, na kwa nguvu gani? Wazee wetu hawakufika Königsberg, lakini waliendelea mpaka asubuhi ya tatu.

Wagiriki wa kale walikuwa na neno xenos, lenye maana ya mtu usiyemjua na pia mtu uliyempokea. Kiingereza kimeyatenga hayo mawili. Sisi hatukuyatenga: mgeni ni yule usiyemjua, na mgeni ni yule aliyekaa mezani kwako, neno ni moja. Hoteli kwa Kigiriki cha leo bado ni xenodocheio, mahali pa kupokea wageni, na sisi tuna nyumba ya wageni. Kwenye Odyssey ya Homer mwenyeji mwenye adabu humlisha mgeni kwanza, ndipo amuulize jina. Wale vijana watano wa Barcelona waliifuata kanuni hiyo hatua kwa hatua. Kwenye meli ya kutoka Bari kwenda Patras dereva mmoja wa lori, Mgiriki mwenye vidole vinene, naye alinisukumia zeituni na mkate kabla hata ya salamu, halafu akalala.

Nimeruka Naples, na Naples ndiyo iliyonipa kitu cha kushika. Wana desturi inayoitwa caffè sospeso, kahawa iliyoachwa. Unakunywa moja, unalipa mbili. Ile ya pili inangoja. Baadaye anaingia mtu asiye na pesa, anauliza kama kuna iliyoachwa, na ikiwepo anapewa, ikimwagwa kwenye kikombe kile kile kama cha kila mtu. Aliyelipa hamjui aliyekunywa, na aliyekunywa hana wa kumshukuru. Nilisimama kwenye kaunta moja karibu na kituo cha treni nikaona mzee wa koti refu akiuliza. Mwenye baa hakuinua hata macho. Alimpa, mzee akanywa kwa mikunywo miwili, akatoka.

Nililipa mbili siku zote nilizokuwa Naples. Kwa bajeti ya euro 40 unaweza. Na sitaki kuipamba: kahawa si chumba. Hata zikiachwa kahawa elfu, hakuna hata moja itakayomrudisha mama wa Cape Verde Mouraria. Wema wa euro moja na senti ishirini ni rahisi mno, na vitu rahisi ndivyo vilivyonifanya nianze kuuliza haya maswali.

Kilichonivutia ni njia ambayo deni lile linapita. Halirudi kwa aliyekupa. Linaenda mbele, kwa atakayeingia baada yako. Na kwa msafiri hiyo ndiyo njia pekee inayowezekana, kwa sababu wale walionilisha sitawaona tena, na nikiwatumia pesa nitakuwa nimewageuza mkahawa. Deni la mgeni hulipwa mahali ambapo yeye mwenyewe ni mwenyeji. Mimi ni mwenyeji mahali pamoja tu.

Na sisi wenyeji wa Kenya tunafanyaje? Tunapenda kujisifu kwa karibu yetu, hasa kwa anayekuja na kamera. Lakini kambi za Dadaab zilianza 1991, Kakuma 1992. Wapo waliozaliwa mle ambao sasa wana watoto wao mle. Kwa miaka yote hiyo, kutoka kambini kumehitaji kibali, na kibali cha kazi kimekuwa kigumu kama meno ya kuku. Hawa tumewapa zile siku mbili, zikavutwa zikawa miaka zaidi ya thelathini, na jembe tukalificha darini. Almería humpa mtu jembe na kumnyima siku mbili. Sisi tumempa siku mbili na kumnyima jembe. Ukiuliza ni lipi baya zaidi, mimi leo nasema letu, kwa sababu anayelima bila makaratasi angalau anaota mizizi kidogo kidogo, hata sheria inakubali. Anayelishwa kwa kadi ya mgao bila ruhusa ya kulima anabaki mgeni hata akifia hapo.

Ile sheria ya wakimbizi ya 2021, na mpango wa Shirika uliozinduliwa 2025, vinasema kambi zigeuke makazi ambapo watu wafanye kazi na kuchanganyika na wenyeji. Jembe liko njiani, ndivyo wanavyosema. Wakati huo mathree ya Eastleigh bado inasimamishwa, askari anapanda, anapita nyuso kumi na tatu, anamteremsha mmoja. Nimekaa kiti cha dirisha ikitokea hivyo, kabla ya safari na baada ya safari. Baada ya safari naijua ile hisia ya macho yanayokupita watu arobaini yakikuelekea. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na stika.

Sijui nitalipaje. Nimeanza na kitu kidogo, jamaa mmoja kutoka Goma anayejua kamera kuliko mimi, ambaye tunapiga naye harusi na tunagawana nusu kwa nusu, jina lake likiwa kwenye kazi. Rafiki yangu yule wa simu anasema hiyo ni biashara, si ukarimu. Namwambia soma methali tena.

Niliporudi nilipitia Nakuru kwa mama. Hakuuliza kuhusu Acropolis wala jeneza la Vasco da Gama. Aliuliza, "Walikulisha?"

"Wengine."

"Kina nani?"

Nikahesabu. Mama wa kachupa, wale vijana wa sinia, dereva wa zeituni. Nikamwambia kati ya hao wote ni dereva peke yake ambaye alikuwa Mzungu wa huko huko.

"Na hao wengine," akasema, akinisukumia sahani ya pili ya mukimo, "huko waliko, nani huwalisha?"

Nilikuwa bado natafuna.